Mvua ya Kwanza Madhiri

Kila mtu hapa Kitengela ameshasikia kipande chake. Mama Kevo anasema tulisombwa na maji. Wa duka la dawa anasema baba yangu amesilimu. Fundi wa viatu ana hakika tumenunua shamba, na kila akiniona ananiuliza kama limebaki la kwake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Nimechoka kuanza upya kila ninapofungua duka, kwa hiyo nimeandika safari yote hapa, kutoka na kurudi. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako, halafu mniache niuze mapazia.

Kitengela kwenda Isinya

Kwa wale wageni mtaani: mimi ni Ndinda. Duka linaloshikana na langu ni la Hibo, anayeuza madira na mashuka. Tumekulia ploti moja. Baba yangu, Mutiso, ni fundi wa mawe, mtu wa Kitui. Baba yake, Haji Noor, alikuja kutoka upande wa Garissa na biashara ya mbuzi. Tukiwa wadogo, stima ikipotea, hao wazee wawili walikuwa wanatoa viti nje na kutusimulia habari za nchi inayoitwa Madhiri. Jina hilo halina maana kwa Kikamba wala kwa Kisomali. Nafikiri ndiyo sababu walikubaliana nalo.

Madhiri ilikuwa jangwa tupu. Watu wake wa kwanza walifika wakimfuata ngamia jike mzee aliyeweza kunusa maji chini ya mchanga. Kila mahali alipolala, familia moja ilibaki na kujenga, na hivyo ndivyo nyumba kubwa za nchi zilivyopatikana. Haji alikuwa anatunga watu na sheria. Baba alikuwa anatunga kuta, kwa sababu hangeweza kusikiliza habari za mji bila kujua umejengwa kwa nini. Ukuu wa nyumba haukutokana na mali. Kila nyumba ilikuwa imeapa kutofanya jambo moja, na kiapo hicho ndicho kilichoipa heshima. Mimi nilikuwa wa Nyumba ya Kisima, wenye kuchunga maji, ambao hawanywi kabla ya mgeni kunywa. Hibo alikuwa wa Nyumba ya Chumvi. Hao hawali kiapo kamwe, kwa hiyo neno lao halihitaji kiapo: kwenye baraza binti wa Chumvi anaongea mwisho, na akishaongea shauri limefungwa, hata mfalme akinuna.

Tulikua, Madhiri ikabaki huko utotoni. Mama zetu walitutoka. Haji aliuza duka akaenda kufuga mbele ya Ilbisil, na huko ndiko macho yake yalianza kuharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba asipofanyiwa operesheni haraka atabaki gizani kabisa. Haji akasema atakuja akimaliza kazi. Kazi gani, hakusema. Baba akaenda kumwona, kumsalimia tu, akabeba shati moja. Masika yakapita bila mvua, kiangazi kikaingia, baba hakurudi. Simu yake ilikuwa inapatikana siku moja moja, akipanda kilima, na maneno yalikuwa yaleyale: “Niko sawa. Tunajenga.”

Hibo akapata nafasi ya baba yake kwenye kliniki ya macho, siku ya Jumatatu. Ikipita hiyo, ni kungoja hadi mwaka mwingine. Dawa za presha ya damu za baba yangu nazo lazima zilikuwa zimekwisha. Basi Alhamisi tulifunga maduka yote mawili na kupanda pikapu ya binamu yake Hibo, anayebeba nyasi kavu kuwapelekea wafugaji.

Tulifika Isinya na gurudumu moja limepasuka. La akiba nalo, tulipolishusha, lilikuwa limepasuka zamani. Tulikaa kwa fundi wa pancha mpaka jua likatuhamisha kivuli mara kadhaa. Mama mmoja alituuzia chapati na ndengu, akamwangalia Hibo na mtandio wake, akaniangalia mimi na rozari yangu, akauliza kama tunaenda harusini.

“Tunaenda kuwachukua baba zetu,” Hibo akamjibu.

“Wamefanya nini?”

“Hatujui bado.”

Mama akatuongezea ndengu.

Isinya kwenda Kajiado

Kajiado tuliingia soko la mifugo likiwa linaelekea kufungwa. Vumbi limesimama hewani, ng'ombe wamekonda mpaka unaweza kuona mahali mbavu zinapoanzia. Hibo alijua wachuuzi wa pale wanamfahamu baba yake, kwa hiyo akamwuliza mmoja, “Unamjua Haji Noor? Wanasema anajenga.”

“Anajenga nini?”

“Hata sisi hatujui. Mji, labda.”

Mtu huyo akafikiri kidogo, akatuelekeza ofisi ya kijani nyuma ya soko. Ndani tulimkuta bwana mmoja ana tai nyekundu na viatu vyeupe kwa vumbi. Alisimama akatupangusia viti.

“Tunatafuta Madhiri,” Hibo akasema, maana alikuwa amechoka na hakuwa na neno lingine.

“Madhiri,” bwana akarudia, kama mtu anayeonja chai. “Hiyo ni ile mpya, ama?”

“Si mpya. Iko tangu tukiwa watoto.”

“Sawa kabisa. Ile ya zamani. Iko na maji?”

“Kisima kimoja,” nikasema bila kufikiri.

“Mama, kisima ni kitu kikubwa sana siku hizi. Na majirani ni watu wa aina gani?”

Hibo alikuwa ameshaelewa tuko kwa broka wa ploti, lakini mnamjua. Akakaa vizuri, akakunja mikono. “Ni watu wakubwa. Nyumba tano za heshima. Hawauziani ardhi.”

“Hawauzi?” Broka akasogeza kiti. “Basi hapo ndipo pazuri. Mkipata mtu mwingine akiwaambia anaijua Madhiri, msiongee naye. Mimi ndiye naijua.”

Tulicheka mpaka barabarani. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mazishi ya mama. Halafu Hibo akasimama ghafla, akaniambia, “Ndinda, na kama ni kweli wanajenga Madhiri? Kwa mikono?”

Nikamwambia asiseme upuzi. Lakini niliharakisha hatua.

Kajiado kwenda Ilbisil

Pikapu ilirudi Kitengela, sisi tukapata lori la ng'ombe lililokuwa linarudi tupu. Dereva alikuwa anaitwa Mwangangi, mtu wa kwetu, mpole, anayeendesha kama amebeba mayai. Nilipomwambia jina la baba alipunguza mwendo.

“Wewe ni msichana wa Mzee Mutiso? Wa udongo?”

“Udongo upi?”

“Mimi ndiye namletea. Kila nikipita mahali ardhi imebadilika rangi, nasimama nachota kidogo kwenye gunia. Nyekundu, ya kijivu. Ile nyeupe nilimletea kutoka Magadi, anataka yenye chumvi ndani.” Alibadilisha gia. “Mwanzo nilidhani ni uzee tu, si unajua wazee wakikaa peke yao. Halafu siku moja nikaingia nikaona. Mimi si mtu wa kuogopa, lakini pale huwa navua kofia.”

“Uliona nini?” Hibo akauliza.

“Mtaona wenyewe. Nikisema nitaharibu.”

Ilbisil tulikula nyama ya mbuzi kwenye kibanda nyuma ya bucha, pamoja na ugali, na chai iliyokuwa ya rangi kwa sababu maziwa hayakuwepo. Mwenye kibanda aliomba msamaha kwa hiyo chai kama mtu aliyefiwa. Ng'ombe wamekauka, alisema, hata wenye ndama. Tulilala papo hapo, kwenye chumba cha juu ya bucha.

Ilbisil kwenda kwa Haji

Kutoka barabara kuu kwenda kwa Haji hakuna gari. Asubuhi tulionyeshwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anafunga mitungi ya maji kwenye punda zake, tukaambiwa tumfuate, ni jirani yake. Aliitwa Nashipai. Mrefu, uso umekauka na upepo, anatembea kama hana mzigo duniani.

“Takwenya,” akatusalimia.

“Iko,” tukajibu. Hiyo tunaijua, tumeishi na Wamaasai maisha yetu yote.

Tulitembea asubuhi nzima. Nyasi hakuna, ni mawe na miiba. Tulipita mizoga ya ng'ombe iliyobaki ngozi na pembe. Nashipai alikuwa akiipita anataja, huyu wa fulani, huyu wa fulani, na wawili walikuwa wake. Hakubadilisha sauti alipotaja wake.

Jua lilipokuwa kali alisimamisha punda, akamimina maji kwenye kikombe cha bati, akanyoosha mkono kwangu. Kisha akaurudisha.

“Ngoja,” akasema. “Nani kati yenu ni wa Chumvi na nani ni wa Kisima?”

Nawaambia ukweli, mwili ulinisisimka wote. Huyu mama sijawahi kumwona. Yuko huko jangwani na punda zake, na anajua nyumba yangu.

“Mimi ni wa Kisima,” nikasema, na sauti ilitoka ndogo.

“Basi wewe unakunywa mwisho,” akasema, akampa Hibo kikombe.

Mimi mtu mzima, niko na kiu mpaka ulimi umeshikamana, nikangoja. Hibo akanywa, Nashipai akanywa, ndipo nikanywa.

“Na wewe ni wa nyumba gani?” Hibo akamwuliza.

“Waliochelewa,” akasema, kwa fahari kabisa.

Hao nilikuwa nimewasahau. Ni wale waliofika Madhiri baada ya ngamia kufa. Visima vilikuwa vimegawanywa na kivuli pia, kwa hiyo wakapewa kitu pekee kilichobaki, yaani barabara. Kiapo chao ni kutomwuliza mtu yeyote kwa nini amechelewa. Nashipai alisema Haji alimpa nyumba hiyo siku alipoleta maji jioni badala ya asubuhi kwa sababu alikuwa anazika ndama. Hakumwuliza alikuwa wapi.

Madhiri

Tulipanda mwinuko mdogo, Nashipai akashika punda, akatuacha tupite mbele.

Sijui niseme vipi. Chini yetu palikuwa na uwanja mtupu wenye ardhi ngumu, mpana kuliko uwanja wa kanisa letu, na juu yake kulikuwa na mji. Mji mzima. Kuta zilinifika kiunoni na minara kifuani. Kulikuwa na barabara, ngazi, madirisha, mazizi, visima vya kuingiza ngumi, na jua la mchana lilikuwa limepiga upande mmoja wa kila kitu hata kivuli kimelala sawasawa kama kimechorwa. Nilivijua vyote. Kona ambayo ngamia alilala mara ya kwanza niliijua. Lango ambalo tukiwa watoto tulipigania nani atalifungua niliijua rangi yake. Kitu ambacho nilikuwa nacho kichwani tu kilikuwa kimesimama kwenye ardhi ya Kajiado, kina vumbi.

Hibo alivua viatu. Na mimi nikavua.

Katikati ya barabara kubwa alikuwa anatembea mtu mmoja, mrefu, kanzu imefungwa kiunoni, mikono yote miwili imenyooshwa pembeni ikigusa kuta. Alikuwa Haji. Ndipo nikaelewa kwa nini barabara zimekuwa na upana ule na kuta urefu ule. Mji ule ulikuwa wa kusomwa kwa mikono. Kuta za Chumvi zilikuwa zimepakwa ile ardhi ya Magadi, zinakwaruza kiganja. Za Kisima zilikuwa zimesuguliwa kwa jiwe na mafuta mpaka zinateleza kama chungu. Nyumba ya Kivuli, ambao hawafungi mlango mchana, ilikuwa na mapaa ya vijiti, ukiingiza mkono unasikia baridi. Nyumba ya Pembe ni wapiga mbiu, ambao hawasemi habari nusu. Baba alikuwa amepachika pembe za ng'ombe waliokufa ukutani, na upepo ukipita zinalia polepole. Waliochelewa hawakuwa na kuta. Walikuwa na barabara, na kwenye barabara hiyo kila mtu aliyewahi kufika pale aliombwa akanyage udongo ukiwa mbichi. Niliona unyayo wa baba. Niliona kiatu kikubwa cha Mwangangi.

“Nau,” nikaita.

Baba alitokea nyuma ya mnara amepiga magoti, amekonda, udongo mpaka kwenye nyusi. Alinitazama kama ameniacha jana.

“Ndinda. Umekuja na dawa?”

“Nimekuja nazo. Umekaa bila dawa tangu lini?”

“Usianze,” akasema, akazimeza mbele yangu bila maji.

Nilimwuliza walipata wapi maji ya kukandia udongo, watu wakihangaika hivi. Niliuliza kwa hasira kidogo kwa sababu nilikuwa nimeona ile mizoga. Baba akanionyesha beseni karibu na mkeka wa Haji. Maji anayotawadhia yalikuwa yanakingwa humo, sala tano kila siku, kidogo kidogo. Kilichobaki kwenye udongo kilikuwa mavi ya ng'ombe na majivu. Nashipai na kina mama wenzake ndio waliomfundisha kuchanganya, kwa sababu baba maisha yake yote amejua saruji.

Haji alimtambua binti yake kwa hatua, akamshika uso kwa mikono miwili.

“Aabo,” Hibo akamwambia, “Jumatatu tuna daktari. Lazima tuondoke kesho.”

“Bado baraza,” Haji akasema. “Mahali nyumba zote tano zinakaa pamoja. Mutiso hajamaliza paa.”

“Aabo, macho yako.”

“Hayo macho yanaenda hata nikikaa, hata nikienda. Naweza kuona kitu kikubwa kikipita mbele ya jua, basi. Nataka niguse nchi nzima mara moja kabla sijamkabidhi mtu kichwa changu anikate.”

Walibishana kwa Kisomali, nikasikia tu jina la daktari na jina la Mungu. Hibo aliondoka akilia kwa hasira, akarudi akiwa amekunja mikono ya dira. “Tumalize hilo paa,” akaniambia. “Tukimaliza hana sababu.”

Basi tulifanya kazi. Mimi muuza mapazia nilikanyaga mavi ya ng'ombe na majivu mpaka jioni. Hibo alikata vijiti. Jioni Haji alitupikia anjera, mikate myembamba ya Kisomali, kwenye bati kwa kupapasa, hakuunguza hata moja, na baba alikaanga nyirinyiri, nyama yao iliyokaushwa. Jumamosi tuliendelea. Ilipofika saa za adhuhuri baraza lilikuwa limefunikwa, limebaki kulainishwa tu. Ndipo Nashipai akaja mbio kutoka kwenye boma lake.

“Angalieni huko!”

Upande wa mlima kulikuwa kumekuwa kweusi. Halafu tukasikia harufu. Mnajua ile harufu, lakini hamjui ilivyo ikija baada ya misimu miwili.

Baba alipiga kelele kama nyumba inaungua. Tulikimbia kuleta maturubai ya Haji ya kufunika nyasi, magunia, mashuka, hata leso yangu. Kina mama wa Kimaasai walikuja wote. Baba akamtupia Nashipai pembe moja ya turubai akamwambia ashike kwa nguvu, na Nashipai akaishika, kisha akaanza kucheka.

“Mutiso! Unataka mimi nishike karatasi nizuie mvua? Mimi? Nimeomba Enkai mpaka goti limeota sugu!”

Lakini aliishika. Tone la kwanza likampiga usoni, la pili, halafu mvua ikatuangukia yote kwa pamoja. Upepo ulitaka kutunyang'anya maturubai. Baba alikuwa anakimbia kutoka nyumba hii hadi ile, nikaogopa ataanguka pale pale. Nilimwita, hakusikia.

“Mutiso,” Haji akasema. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, uso ameuinua juu. “Toa.”

“Nini?”

“Hizo karatasi. Toa.”

“Itaisha, Haji. Yote. Haina saruji hata kijiko!”

“Najua haina. Nisikilize. Miaka yote hiyo tuliwapa sheria, tukawapa vita, tukawapa harusi. Umewahi kuwapa mvua?”

Baba alisimama na kamba mkononi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye ndevu zake.

“Hata mara moja,” akasema.

“Hata mara moja. Toa, ndugu yangu.”

Baba mwenyewe ndiye alifungua kamba ya kwanza.

Haji alipiga magoti kwenye Nyumba ya Kisima, akaweka viganja juu ya ukuta, na udongo ukaanza kulainika chini ya mikono yake. Akaanza kutusimulia kinachotokea ndani, kwa ile sauti ya zamani ya stima ikipotea. Bibi wa Kisima ametoka nje na ufunguo wa maji, Haji akasema, lakini hajui afungue nini sasa. Watoto wa Kivuli wamepanda juu ya paa na wamekataa kushuka. Mpiga mbiu wa Pembe amepuliza kutangaza habari, lakini ameshindwa, kwa sababu ameapa kutosema habari nusu na hii haoni mwisho wake. Hibo alimwongoza kwa kiwiko kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kila alipoweka mikono mji ulikuwa unapita kati ya vidole vyake, mwekundu, mweupe, wa kijivu, ukashuka barabarani ukawa mto mmoja. Tulikuwa tumesimama wote, tumelowa. Kina mama walikuwa wameanza kuimba taratibu, na kutoka bomani ng'ombe waliobaki walikuwa wanalia. Sijawahi kuwa mahali patakatifu kama pale, na nasema hivyo nikiwa mtu wa kwenda misa kila Jumapili.

Kwenye baraza, lile paa tulilomaliza mchana huohuo lilikaa kidogo, kisha likajikunja ndani kama mtu anayekaa chini. Haji aligusa mahali lilipokuwa.

“Shauri limebaki kwa Chumvi,” akasema. “Hibo. Funga.”

Hibo alifuta uso. Nilidhani atalia. Badala yake alinyooka, akawa mrefu kabisa.

“Madhiri imenyeshewa,” akasema, “na imemaliza. Na Jumatatu Haji Noor anaenda kwa daktari, bila maneno.”

Halafu baba yangu akaanza kucheka, anacheka na kulia, amejishika magoti. “Haji! Umesikia? Binti wa Chumvi amesema! Utakata rufaa kwa nani?”

Haji alijipangusa udongo viganjani. Alikuwa ameshikwa na sheria aliyoitunga mwenyewe kabla sisi hatujang'oka meno ya utotoni. “Basi,” akasema mwishowe. “Nani ataniletea viatu?”

Kurudi

Jumapili hakuna kilichopita. Korongo tulilovuka kwa miguu mikavu lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai, linabeba miti. Tulikaa ukingoni na watu wengine na mbuzi zao, tukanyeshewa tena, tukapewa maziwa na mama asiyetujua, ya mbuzi, ya kwanza kuonekana siku nyingi. Hibo alikuwa anatembea huku na huku akiangalia maji. Haji alikuwa ameketi juu ya gunia, ametulia kuliko sisi sote, anauliza tu maji yamefika wapi. Jumatatu alfajiri maji yalishuka kidogo, na trekta la mwenye shamba mmoja likatuvusha tumesimama nyuma tumeshikana mikono.

Mwangangi alikuwa barabarani anatungoja. Hakuna aliyempigia simu. Alisema aliona mvua, akajua. Alimwangalia baba, baba akatikisa kichwa, Mwangangi akavua kofia, akaishika kifuani mpaka tulipopanda.

Tuliingia hospitalini majina yakiwa yameshaitwa. Muuguzi aliangalia miguu yetu, yote minane ina matope hadi magotini. Akatupeleka mbele.

Operesheni walifanya wiki hiyohiyo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani. La kulia waliokoa walichoweza. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa wote wanne kwenye kile chumba kidogo. Daktari, kijana mstaarabu, alivuta kiti akakaa karibu na Haji ili asimwambie akiwa amesimama.

“Mzee, nataka nikuambie ukweli. Sura za watu hutaziona tena. Kusoma, hapana. Kilichobaki ni mwanga na kivuli. Hicho tu.”

Hibo alinishika mkono akaubana. Haji aliuelekeza uso dirishani, ambako jua la asubuhi lilikuwa limeingia na kukata sakafu vipande viwili.

“Mwanga na kivuli,” akasema. “Sasa, daktari, jangwa liko na nini kingine?”

Daktari alidhani anatania, akatabasamu kwa adabu. Baba yangu alisimama, akampa Haji mkono wake, wakatoka nje kwenye jua.